Siku nne Lisbon kwa msemaji wa Kiswahili, na mahali ilipo dhahabu ya Kilwa

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu wote.

Wengi wetu tunapopata nafasi ya kupita Ulaya kwa siku chache, iwe ni baada ya mafunzo, kumtembelea ndugu, au likizo iliyodundulizwa kwa miaka, hukimbilia Paris na London kwa sababu ndiyo majina tuliyoyasikia tangu utotoni. Mimi nafundisha historia katika shule ya sekondari wilayani Kilwa, na mwaka juzi, nilipomaliza mafunzo ya wiki tatu nchini Ujerumani, nilizitumia siku nne zilizobaki kwenye viza yangu kwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Naanzisha uzi huu kwa sababu naamini kwamba ni vigumu kupata mji mwingine wa Ulaya ambamo mtu wa pwani yetu atakutana na habari zake mwenyewe kwa wingi kiasi kile, na kwa sababu wageni wengi huondoka pale bila kukiona kitu ambacho kwetu sisi ni kikubwa kuliko vyote.

Kitu hicho kimo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, ambayo Wareno huiita Museu Nacional de Arte Antiga, katika mtaa wa Janelas Verdes. Ni chombo cha ibada ya Kikatoliki, kile ambacho padri hukitumia kuwaonyesha waumini Ekaristi, kilichofuliwa kwa dhahabu na kutiwa rangi za kung'aa, chenye sanamu ndogo za mitume 12 waliopiga magoti. Kinaitwa Custódia de Belém, na inaaminika kuwa ni kazi ya sonara Gil Vicente. Kitako chake kimezungukwa na maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, na kwamba kazi ilikamilika mwaka 1506. Kilwa inayotajwa pale ni hii hii Kilwa Kisiwani, ambayo mtu huivukia kwa mashua kutoka Kilwa Masoko.

Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na kumtishia mtawala wake, Amiri Ibrahim, mpaka akakubali kumlipa mfalme wa Ureno ushuru wa kila mwaka. Dhahabu hiyo, ambayo ilichimbwa bara na kupitia bandari ya Sofala kabla ya kufika mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa, ilifikishwa Lisbon mwaka 1503. Miaka miwili baadaye kikosi cha Francisco de Almeida kilikuja kuiteka Kilwa yenyewe na kuichoma moto Mombasa. Nimeyafundisha haya kwa miaka 14, na kila mara nilimaliza kipindi nikiwaambia wanafunzi kwamba dhahabu ile ilichukuliwa, kana kwamba iliyeyuka na kupotea duniani. Siku ile nilisimama mbele ya kioo, dhahabu ikiwa umbali wa mkono mmoja tu, na nilishindwa kuondoka kwa karibu saa nzima. Mlinzi wa chumba, mama mtu mzima, alinisogelea akiuliza kama nina tatizo. Nilimwonyesha kwa kidole jina lile kwenye kitako, nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba huko ndiko ninakofundisha. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuniletea kiti.

Makumbusho hayo yana mengine mengi ya thamani, kuanzia mchoro maarufu wa Hieronymus Bosch juu ya majaribu ya Mtakatifu Antoni hadi viambaza vya Kijapani vinavyoonyesha mabaharia wa Kireno wakishuka melini na suruali zao pana. Bustani yake ya nyuma inatazama bandari, na kuna mahali pa kunywa kahawa. Hufungwa Jumatatu, kwa hiyo mtu anayefika Lisbon Jumapili jioni na kuondoka Jumanne alfajiri atakuwa amekosa.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Belém, kitongoji kilicho magharibi mwa mji kando ya mto Tejo, ndiko safari zile zilikoanzia. Tramu namba 15 inakupeleka huko kutoka katikati ya mji. Vasco da Gama aliondoka hapo tarehe 8 Julai 1497, na mwezi Aprili 1498 alikuwa Mombasa, ambako mambo hayakumwendea vizuri, kisha Malindi, ambako alipokelewa na kupewa rubani wa kumvusha hadi Kalikut katika pwani ya India. Mfalme Manuel alijenga Belém monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya viungo. Pilipili manga na dhahabu ya watu wengine viligeuka kuwa nguzo za mawe zilizochongwa kamba za meli, matumbawe na majani ya baharini. Nasema hivi bila kuupunguza uzuri wake, kwa sababu ua wake wa ndani ni miongoni mwa majengo mazuri kabisa niliyowahi kuingia.

Kuingia katika ua huo kuna kiingilio, na foleni yake saa nne asubuhi huwa ndefu mno, kwa hiyo kata tiketi mapema kwenye mtandao. Kanisa lenyewe lina mlango wake, nalo huwa wazi bila malipo wakati hakuna ibada. Ukiingia tu, upande mmoja kuna kaburi la Vasco da Gama, aliyefia Cochin mwaka 1524 na ambaye mabaki yake yaliletwa hapo mwaka 1880, na upande wa pili kuna kaburi la mshairi Luís de Camões, ambaye katika utenzi wake aliisifu Malindi kwa ukarimu na kuichora Mombasa kama mji wa hila. Ndugu zetu wa Mombasa wanaweza kusimama pale na kutoa maelezo yao.

Kutoka hapo unavuka barabara kwa njia ya chini hadi ukingo wa mto, penye mnara mkubwa wa kumbukumbu ya safari za baharini, uliojengwa kwa saruji na mawe mwaka 1960 wakati wa utawala wa dikteta Salazar. Mbele yake, sakafuni, kuna ramani ya dunia ya marumaru iliyotolewa na Afrika Kusini ya wakati ule, na watoto huruka kutoka bara moja hadi jingine. Mnara wa Belém, ule mdogo wa kale uliosimama majini, uko mwendo wa dakika kumi na kitu kwa miguu. Kwa maoni yangu unapendeza zaidi kutoka nje, hasa jua linapoinama, kuliko kupanda ngazi zake nyembamba katika msongamano.

Duka la vitobosha vya Belém linalouza vikaki vya krimu ya mayai tangu mwaka 1837 liko hatua chache kutoka kwenye monasteri. Usikatishwe tamaa na mstari ulio nje, kwa maana huo ni wa wanaochukua na kuondoka, wakati ndani kuna vyumba vingi vya kukaa. Huletewa kikiwa cha moto, na mezani kuna mdalasini wa kunyunyiza.

Katikati ya mji sitakaa sana, kwa kuwa kila kitabu cha wasafiri kinapaeleza. Jambo la kuelewa ni kwamba tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko kubwa la ardhi, tsunami na moto viliteketeza sehemu kubwa ya Lisbon. Waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal aliijenga upya sehemu ya chini, Baixa, kwa mitaa iliyonyooka na nyumba zilizofungwa ndani kwa kizimba cha mbao ili zistahimili kutikiswa. Kasri la mfalme halikurudi, na mahali lilipokuwa sasa ni uwanja wa Praça do Comércio, wenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini.

Alfama, mtaa ulio chini ya ngome ya São Jorge, ulinusurika kwa kiasi kikubwa. Jina lake limetoka katika Kiarabu, al-hamma, yaani chemchemi za maji ya moto, na yeyote anayelijua neno hamamu atalisikia mara moja. Waislamu waliutawala mji huu kwa karne kadhaa hadi ulipotekwa mwaka 1147. Vichochoro vyake vimebanana, vinapinda, na nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu hatahitaji ramani ili ajisikie yuko mahali anapopafahamu, ingawa atapotea kama wengine. Ingia asubuhi mapema, kabla ya makundi ya watalii, na uvae viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu vijiwe vyeupe vya njia za miguu huteleza mno mvua inaponyesha.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ahsante sana, mwalimu. Mimi nilifika Lisbon miaka sita iliyopita na ningependa kuongeza jambo la lugha, kwa sababu ndilo lililonigusa zaidi. Nilipokuwa nikisoma vibao vya barabarani nilianza kutambua maneno. Mesa ni meza, bandeira ni bendera, copo ni kopo, lenço ni leso. Katika nyumba niliyopanga, mwenyeji aliponiambia fronha akinionyesha mto, nilielewa kabla hajamaliza, kwa kuwa nyumbani kwetu marehemu bibi hakuwahi kuiita vinginevyo ila foronya.

Neno lililonisimamisha ni igreja, linaloonekana kila kona kwa maana ya kanisa. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba humo ndimo lilimotoka neno letu gereza. Sisi tuliokulia karibu na Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, tunajua kwamba jengo lile lilikuwa na kanisa ndani yake, na kwamba baadaye kabisa, wakati wa Waingereza, lilitumiwa kufungia watu. Hata ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi leo. Nilikaa kwenye kiti ndani ya kanisa moja la Alfama nikifikiri jinsi neno la watu wanaosali lilivyofika kwetu likawa la watu waliofungiwa, na sikuhitaji mtu wa kunieleza sababu.

Mchangiaji mpya

Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza kuhusu viza na gharama. Nina mpango wa kwenda mwezi wa sita mwakani na sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki.

Mwanzisha uzi

Marahaba, karibu sana.

Ureno iko katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inakuruhusu kuingia pia Hispania, Ufaransa na nchi nyingine za eneo hilo, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, kulingana na siku zilizoandikwa kwenye viza yako. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na unaweza kuyawasilisha kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki za mwisho. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Utahitaji bima ya safari inayogharimia matibabu kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri na uthibitisho wa malazi. Kosa langu la mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, lilikuwa kuingiza fedha nyingi kwenye akaunti siku chache kabla ya kuomba, nikidhani kiasi ndicho kitazamwacho. Wanaangalia mwenendo wa miezi kadhaa, na fedha inayotokea ghafla huzua maswali.

Mji unatoza kodi ya wageni ya euro 4 kwa kila usiku kwa mtu mzima, hadi usiku saba, na mara nyingi hulipwa juu ya bei ya chumba. Metro inafika uwanja wa ndege, na kadi moja ya usafiri inayojazwa fedha hutumika kwenye metro, mabasi, tramu na vivuko. Mwezi wa sita ni wakati mzuri mno, kwa kuwa usiku wa kuamkia tarehe 13 mji mzima husherehekea Mtakatifu Antoni, ambaye alizaliwa Lisbon ingawa dunia inamjua kwa jina la Padua, na dagaa wakubwa huchomwa mkaani kila uchochoro. Malazi hupanda bei siku hizo, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Mchangiaji mwenye hoja tofauti

Nimesoma kwa makini na namheshimu mwalimu, lakini naomba niseme wazi. Kwa nini nidundulize fedha yangu ya jasho, niombe ruhusa kwa karatasi thelathini, niende kutazama kaburi la mtu aliyetuelekezea mizinga na dhahabu ambayo ni yetu? Naona ni kama mtu kulipa kiingilio akaangalie ng'ombe wake mwenyewe katika zizi la jirani.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki, na mfano wa ng'ombe nimeubeba moyoni tangu nilipousoma. Sina jibu la kuiondoa. Nitakueleza tu kwa nini mimi nililipa na ningelipa tena.

Kwanza, mtu ambaye hajui ng'ombe wake yuko zizi gani hawezi hata kuanza kumdai. Nimewahi kuwauliza walimu wenzangu zaidi ya ishirini, wote wa historia, na hakuna aliyejua kwamba dhahabu ya Kilwa bado ipo na ina jina la Kilwa mwilini mwake.

Pili, Lisbon haina kumbukumbu za waporaji peke yao. Karibu na kanisa kuu, nenda kwenye makumbusho ya Aljube, gereza ambamo utawala wa kidikteta uliwafungia wapinzani wake. Yalifunguliwa mwaka 2015, na sehemu yake inahusu mapambano ya ukombozi katika makoloni. Kisha panda hadi Largo do Carmo, uwanja mdogo wenye miti, mbele ya magofu ya kanisa lililopoteza paa lake katika tetemeko la 1755. Hapo, tarehe 25 Aprili 1974, Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijificha katika kambi ya askari huku wanajeshi walioasi na umati wa raia wakiizunguka, mpaka akasalimu amri. Watu walichomeka mikarafuu kwenye mitutu ya bunduki. Wanajeshi wale walikuwa wamechoshwa na vita vya Afrika, na kule Msumbiji aliyewachosha ni FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kufundisha wapiganaji wake Kongwa na Nachingwea. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa malori ya kupeleka chakula Nachingwea, na alifariki bila kujua kwamba kazi yake ilikuwa na mkono katika kuuangusha utawala wa nchi ya Ulaya. Nilikaa pale Carmo kwa niaba yake.

Kuna pia barabara iitwayo Rua do Poço dos Negros, yaani mtaa wa shimo la weusi, ambao jina lake huhusishwa na amri ya Mfalme Manuel ya kuchimbwa shimo la kutupia miili ya watumwa waliofariki. Leo ni mtaa wa migahawa. Nilipita polepole nikasoma dua, na ningependa kila Mwafrika anayefika Lisbon apite.

Mchangiaji anayeishi Lisbon

Nawasalimu kutoka huku. Nimeishi katika mji huu kwa miaka tisa, na naomba kurekebisha na kuongeza machache.

Tramu namba 28 ambayo kila mtu huipiga picha ni usafiri wa kawaida wa wakazi, na wachomoaji hupenda msongamano wake. Ipande kabla ya saa mbili asubuhi kutoka Martim Moniz, au uiache kabisa utembee. Mikokoteni ya kamba ya kupandia vilima sasa inahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa kuwa tarehe 3 Septemba 2025 ule wa Glória, ulioanza kazi mwaka 1885, ulipata ajali iliyoua watu 16. Sisi wakazi bado tunapita pale kwa huzuni. Ulizeni hali ilivyo kabla ya kupanga. Vilevile Mnara wa Belém na makumbusho kadhaa vimekuwa vikifungwa kwa vipindi kwa ajili ya ukarabati, kwa hiyo yeyote anayekuja kwa ajili ya dhahabu ya Kilwa ahakikishe kwenye tovuti ya makumbusho kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Kwa ndugu Waislamu, chakula halali kinapatikana kwa urahisi katika mtaa wa Benformoso na jirani zake, Mouraria, ambayo ni ile sehemu waliyoachiwa Waislamu baada ya mji kutekwa mwaka 1147 na ambayo leo imejaa maduka ya Wabangladeshi. Msikiti mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha, na wengi wa waliouanzisha walitoka Msumbiji. Ijumaa utasikia lugha nyingi uani, na mara mbili nimesikia Kiswahili cha Cabo Delgado. Ndugu Waismailia wana kituo chao kizuri sana Laranjeiras tangu mwaka 1998. Katika migahawa ya kawaida kaa kwenye samaki, hasa bacalhau, chewa mkavu wa chumvi, na uliza kuhusu supu, kwa kuwa ile ya kijani huwekewa kipande cha soseji ya nguruwe. Mkate na zeituni zinazowekwa mezani kabla hujaagiza hulipiwa ukizigusa. Unaweza kuzirudisha kwa adabu, na hakuna atakayekasirika.

Usiku mmoja uwe wa fado. Uimbaji huu wa huzuni na kukumbuka, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2011, unahitaji kimya kabisa: taa hupunguzwa, na anayeongea hukemewa na meza za jirani. Mmoja wa waimbaji wake wakubwa wa leo, Mariza, alizaliwa Msumbiji na kukulia hapo Mouraria. Na mpenzi wa kandanda asiondoke bila kwenda uwanja wa Benfica kuiona sanamu ya Eusébio, mtoto wa Msumbiji aliyefunga mabao tisa katika Kombe la Dunia la 1966. Amezikwa katika jengo la mashujaa wa taifa, Alfama, pamoja na mwimbaji Amália Rodrigues.

Mchangiaji, mama wa watoto wawili

Nitakuwa na watoto wa miaka sita na tisa. Makaburi na makumbusho watayavumilia kwa saa moja tu. Naomba ushauri.

Mchangiaji anayeishi Lisbon

Dada, siku moja nzima wapeleke Parque das Nações, eneo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1998. Hapo kuna Oceanário, tangi kubwa la samaki ambalo papa na samaki aina ya taa hupita mbele ya uso wa mtoto, na kuna magari ya kamba yanayopita juu ya ukingo wa mto, huku daraja la Vasco da Gama likionekana kwa mbali. Jioni nyingine panda nao kivuko kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas. Nauli ni ndogo, safari ni ya dakika kumi hivi, na waliovuka Likoni au Kigamboni watashangaa jinsi kulivyo na nafasi. Lisbon nzima huonekana kutoka ng'ambo, jua likizama nyuma ya daraja la 25 de Abril.

Sintra, yenye kasri la Pena la rangi nyekundu na njano juu ya mlima, watoto huipenda sana, na treni kutoka kituo cha Rossio huchukua takriban dakika 40. Kata tiketi ya Pena yenye saa maalumu mapema, kisha uwe mlangoni kwa wakati, kwa maana kutoka lango la bustani hadi kasri lenyewe kuna mlima wa kupanda.

Mchangiaji wa safari ya kupita

Mimi sitalala. Nitakuwa na saa tisa kati ya ndege mbili, kuanzia saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, na viza ninayo. Mwalimu, ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mwanzisha uzi

Toa saa tatu za foleni na tahadhari ya kurudi, ubaki na sita. Uwanjani panda metro ya mstari mwekundu hadi Alameda, ubadilishe uingie mstari wa kijani hadi mwisho wake, Cais do Sodré. Kutoka hapo tembea kuelekea magharibi kama dakika 25, au panda tramu namba 15 ukashuke Santos na kupanda ngazi. Makumbusho yatakuwa yamefunguliwa. Usianzie ghorofa za michoro. Muulize mtu wa mapokezi kwa kutaja jina lile, Custódia de Belém, naye atakuelekeza moja kwa moja.

Ukitoka, kunywa kahawa bustanini, kisha rudi kwa miguu kandokando ya mto hadi Praça do Comércio, ukae kwenye ngazi zinazoingia majini. Mdomo wa mto uko upande wako wa kulia, na huko ndiko meli zilikotoka. Ukibakiwa na muda, panda hadi Carmo. Belém iache kwa safari nyingine.

Nina ombi moja. Kamera ya simu yangu ilitikisika siku ile, na picha nilizowaletea wanafunzi zinaonyesha mitume vizuri lakini maandishi ya kitako hayasomeki. Ukiweza, inama upige picha ya jina la Kilwa bila kutumia mwanga wa kamera, kisha uiweke hapa kwenye uzi. Nitaichapisha kwa ukubwa na kuibandika ukutani, darasa la kidato cha pili.